Wahuni, Waasi au Wafuata Fasheni? Jinsi Sosholojia Inavyowasoma Vijana

Machi 2025 tamthilia moja ya Uingereza yenye sehemu nne tu, Adolescence, ilizungumzwa kila kona ya mtandao. Inamhusu mvulana wa miaka 13 anayekamatwa kwa kumuua msichana wanayesoma naye. Kadiri upelelezi unavyosonga mbele, watu wazima wanagundua kwamba watoto wao wana alama za siri kwenye simu na wamekuwa wakila mafundisho ya kuwachukia wanawake bila nyumba nzima kujua. Kabla ya mwezi kwisha, Waziri Mkuu Keir Starmer alikuwa ameshakutana na watengenezaji wake na kuunga mkono ioneshwe bure katika shule za sekondari.

Ndipo mabishano yalipoanza. Mmoja alisema huu ni utamaduni mdogo wa vijana, kama zilivyokuwa tamaduni ndogo za zamani. Wa pili akamkatalia: usiuite utamaduni, utamaduni ni kitu cha kujivunia. Wa tatu akadai vijana hawa wanakinzana na jamii iliyowatelekeza. Wa nne akauliza ni ukinzani gani huo unaomwaga damu ya mtoto asiye na hatia. Wote wanne walikuwa wakitumia msamiati wa sosholojia wenye karibu miaka mia moja, kila mmoja kwa maana yake, na ndiyo sababu hawakuelewana.

Tuanze na maneno yenyewe. Utamaduni mdogo ni namna ya kuishi ya kundi lililo ndani ya jamii kubwa: linashirikiana na jamii hiyo katika mengi, kama lugha, shule, sheria na pesa, lakini lina mavazi yake, muziki wake, misemo yake na, muhimu kuliko vyote, kipimo chake cha nani anastahili heshima. Wanasosholojia wanapotumia neno “utamaduni” hawasifu wala hawalaani. Wezi wana utamaduni, na mapadri wana utamaduni. Genge ni kitu kingine: ni kikundi cha watu wanaojuana kwa sura na majina. Utamaduni mdogo unaweza kuwaunganisha watu elfu kumi ambao hawajawahi kupeana mikono.

Tabaka nalo mara nyingi huchanganywa na pesa za mfukoni. Fundi mchomeleaji anaweza kupokea mshahara mkubwa kuliko karani wa benki, na bado wakawa tabaka mbili tofauti, kwa sababu tabaka ni nafasi mtu anayoishika katika kazi na mali, pamoja na milango ambayo nafasi hiyo inamfungulia au kumfungia yeye na watoto wake. Neno la tatu, ukinzani, ndilo lenye utata kuliko yote. Nitalifikia baada ya kueleza lilikotoka.

Chicago, na swali la kwa nini mtu aibe kitu akitupe

Utafiti wa kwanza mkubwa ulifanyika Marekani. Mwaka 1927 Frederic Thrasher wa Chuo Kikuu cha Chicago alitoa kazi iliyohesabu magenge 1,313 katika jiji hilo. Wakati huo wengi waliamini kwamba mvulana wa genge amezaliwa na kasoro, au amerithi ubaya wa kabila la wazazi wake wahamiaji. Thrasher alisema tazameni mahali, si damu. Magenge yalizaliwa katika mitaa ya mpito, iliyobanwa kati ya viwanda na makazi ya wenye nafuu, ambako familia zinahamia na kuhama na hakuna taasisi inayosimama imara. Mengi yalianza kama makundi ya michezo ya watoto, yakageuka magenge yalipogombana na makundi mengine au na polisi.

Mwaka 1938 Robert Merton akaongeza jambo ambalo hadi leo halijapitwa na wakati. Marekani, alisema, inamwambia kila mtoto kwamba lengo la maisha ni kufanikiwa, na kwamba kila mtu anaweza. Lakini njia halali za kufika huko hazikugawanywa kwa usawa. Anayekumbatia lengo huku njia imefungwa anaishi katika shinikizo, na shinikizo hilo linatafuta pa kutokea: wengine huendelea kujituma bila tumaini, wengine hubuni njia ya haramu, wengine hujitenga, wengine huasi. Uhalifu, kwa hoja hii, unatoka ndani ya ndoto ya Marekani yenyewe.

Hoja ya Merton inaeleza vizuri kwa nini maskini aibe pesa, lakini haielezi kwa nini mvulana avunje dirisha la shule, au aibe kitu kisha akitupe mtaroni. Albert Cohen alilijibu swali hilo mwaka 1955. Shule, alisema, humpima kila mtoto kwa kipimo cha tabaka la kati: unadhifu, kusema kwa utaratibu, kuvumilia leo ili upate kesho. Mtoto wa tabaka la wafanyakazi anaingia darasani akiwa hajafundishwa mambo hayo nyumbani, anashindwa, na anashindwa hadharani. Kinachomuuma ni kukosa hadhi. Basi yeye na wenzake wenye kidonda hichohicho wanatengeneza kipimo chao, na njia rahisi ni kukipindua kile cha shule: kinachodharauliwa kule kiheshimiwe huku. Kuvunja dirisha hakuna faida ya fedha, ila kuna faida ya jina.

Haikuchukua muda wapinzani wakajitokeza. Gresham Sykes na David Matza walionesha mwaka 1957 kwamba vijana wengi wanaovunja sheria hawana maadili yaliyopinduliwa hata kidogo. Wanaona aibu, wanamheshimu mtu mwaminifu, na ndiyo maana wanahitaji visingizio: hakuna aliyeumia, yeye ndiye aliyeanza, hao wanaotuhukumu nao wachafu. Anayeamini kweli kwamba wizi ni jambo jema hahitaji kisingizio. Nadhani hii ndiyo hoja ambayo wazungumzaji wa redioni husahau kila mara wanaposema “vijana wa siku hizi hawana maadili.”

Birmingham na koti la mabwana

Uingereza ya miaka ya 1950 ilikuwa na hali nyingine. Vita vilikwisha, kazi zilikuwepo, na kwa mara ya kwanza kijana wa miaka 17 alikuwa na mshahara ambao haukuishia wote mezani kwa mama yake. Magazeti na wanasiasa wakaanza kusema tabaka limekwisha, kilichobaki ni tofauti ya umri tu: wazee upande huu, vijana upande ule. Dai hilo ndilo lililopingwa na kituo cha utafiti wa utamaduni kilichoanzishwa na Richard Hoggart mwaka 1964 katika Chuo Kikuu cha Birmingham, na kisha kuongozwa hadi 1979 na Stuart Hall, mzaliwa wa Kingston, Jamaika. Mwaka 1975 Hall, Tony Jefferson na wenzao walitoa mkusanyo wa tafiti uliokuwa na jibu moja kubwa: vijana hawa wana tabaka, na mavazi yao yanalizungumzia.

Msingi wa hoja yao waliuchukua kwa Antonio Gramsci, Mwitaliano aliyefungwa na serikali ya Mussolini mwaka 1926 na kuandika sehemu kubwa ya kazi zake gerezani. Gramsci aliuliza kwa nini wengi wanakubali kutawaliwa na wachache hata pale ambapo hakuna bunduki. Jibu lake ni hegemonia: tabaka tawala huufanya mtazamo wake uonekane kuwa ndiyo akili ya kawaida, mambo yalivyo tu. Ila ridhaa hiyo haipatikani mara moja ikaisha. Inabidi itafutwe kila siku, shuleni, magazetini, kanisani, dukani. Na kitu kinachotafutwa kila siku kinaweza kugombaniwa kila siku, hata kwa koti.

Koti ninalolisema ni la Teddy Boys. Baada ya vita, mafundi cherehani wa Savile Row huko London walijaribu kurudisha mtindo wa enzi za Mfalme Edward VII kwa vijana wa kitajiri: koti refu, kola ya mahameli, suruali ya kubana. Matajiri hawakuukumbatia kwa muda mrefu. Wakauchukua vijana wa mitaa ya wafanyakazi ya kusini mwa London, wakauongezea tai nyembamba ya kamba na viatu vya soli nene, na wakaitwa kwa kifupi cha jina la mfalme. Jefferson alieleza kwamba hawa walikuwa wale walioachwa nje ya neema iliyotangazwa: hawana ufundi, hawana elimu, kazi zao hazina mbele. Walichoweza kununua ni alama ya hadhi. Waliivaa, na mabwana wenyewe wakalikimbia vazi lao.

Kuchukua kitu kilichotengenezwa kwa maana moja na kukitumia kwa maana nyingine ndiyo mbinu ambayo Dick Hebdige aliichambua katika kitabu chake cha 1979 kuhusu maana ya mitindo, akiazima wazo hilo kwa mwanaanthropolojia Claude Lévi-Strauss. Vijana walioitwa Mods walichukua skuta ya Kitaliano, chombo safi cha kumpeleka mtu kazini, wakaipachika vioo na taa hadi ikawa tangazo la kundi. Vijana wa panki, muziki wa roki wa fujo wa miaka ya 1970, walichukua pini ya kufungia nepi na mfuko wa taka. Hakuna kitu kipya kilichobuniwa. Kilichobadilika ni mpangilio, na mpangilio huo ulimchefua mtazamaji kabla hajajua kwa nini.

Lakini mtindo huo ulikuwa jibu la swali gani? Hapa kuna hoja ya Phil Cohen, aliyeandika mwaka 1972 kuhusu East End ya London. Wilaya hiyo ilikuwa na mitaa ambamo bibi, shangazi na binamu waliishi hatua chache kutoka mlango kwa mlango, na kazi za bandarini na za ufundi zilizorithishwa toka baba kwenda mwana. Kisha serikali ikabomoa, ikawahamishia watu kwenye maghorofa na miji mipya, na kazi zile zikapungua. Wazazi walibaki wakivutwa pande mbili: maadili ya zamani ya ujirani na kazi ngumu, na ahadi mpya ya ununuzi na kupanda ngazi. Watoto, anasema Cohen, walicheza mgogoro huo wa wazazi kwa mavazi yao. Mods walijaribu upande wa kupanda, kwa suti safi. Skinheads, waliofuata mwishoni mwa miaka ya 1960, walijaribu upande wa kushuka: mabuti ya kazi, mikanda ya mabegani, kichwa kilichonyolewa, kana kwamba wanamrudisha kibarua wa zamani ambaye mtaa wake ulishabomolewa.

Suluhisho hilo aliliita la kimazingaombwe, na neno hilo limewapotosha wengi. Fikiria mtu anayeumwa jino na kumeza dawa ya kutuliza maumivu. Nafuu anayoipata ni ya kweli, na mahali anapoweka mkono wake panamwonesha daktari jino lenyewe liko wapi. Lakini tundu liko palepale, na dawa ikiisha nguvu atalisikia. Mabuti ya skinhead hayakujenga nyumba moja East End, wala hayakurudisha kazi hata moja bandarini.

Ukinzani usio na bango

Sasa tunaweza kulirudia lile neno. Wasomaji wengi wakisikia “ukinzani” wanaona maandamano, bango, na mtu wa haki anayepambana na dhalimu. Wana-Birmingham hawakumaanisha hivyo. Walimaanisha kwamba ndani ya mtindo kuna kukataa: kukataa nafasi uliyopangiwa, kukataa kuonekana mnyenyekevu. Kukataa huko kunafanyika kwa alama, wakati wa mapumziko, na mara nyingi mwenyewe hajui kukueleza. Halafu hakuna kanuni inayosema kwamba anayekataa anamlenga anayemkandamiza. Mwishoni mwa Agosti 1958 makundi ya vijana wa kizungu, wakiwemo Teddy Boys, waliwashambulia wakazi weusi wa Notting Hill kwa siku kadhaa. Skinheads, ambao muziki walioupenda ulikuwa wa Jamaika na sehemu ya mavazi yao waliiga kwa vijana wa Kijamaika, walijulikana pia kwa kuwapiga Waasia na mashoga. John Clarke alipoandika kuwahusu hakuficha jambo hilo: jamii waliyotaka kuirudisha ilikuwa na mipaka, na waliilinda kwa ngumi.

Kwa mwanga huo, wale wanaobishana kuhusu wavulana wanaofundishana mtandaoni kuwachukia wanawake wanaweza kuwa sahihi wote. Kuna kipimo cha heshima kilichopinduliwa, kuna uchungu wa kukosa hadhi, na kuna adui asiye sahihi. Kusema kwamba tabia ina chanzo katika jamii hakumwondolei mtu lawama. Ninavyoona mimi, nadharia hizi zinafaa zaidi pale zinapomhusu kijana tusiyempenda, kwa kuwa tunayempenda tunamtafutia sababu hata bila nadharia.

Mfano wenye uchungu kuliko yote ni wa Paul Willis. Alifuatana na wavulana 12 katika mji wa viwanda wa katikati ya Uingereza, katika muda wao wa mwisho shuleni na miezi yao ya kwanza kazini, na mwaka 1977 akachapisha kitabu. Wavulana hao walimdharau mwalimu, walivuta sigara getini, walilala darasani, na waliwacheka wanafunzi watiifu ambao kazi yao, kwa maneno yao, ilikuwa kusikiliza tu kama masikio. Wengi wangeishia kusema hawa ni wavivu. Willis aliwasikiliza, akagundua kwamba walikuwa wameona jambo ambalo walimu hawakutaka kuliona: shule inamwahidi kila mmoja kwamba cheti kitampandisha, lakini hata wote wakipata vyeti, kazi za chini bado zitahitaji watu wa kuzifanya. Ahadi inayoweza kutimia kwa mtu mmoja mmoja haiwezi kutimia kwa tabaka zima.

Waliiona kweli hiyo, na ikawafunga. Kwa kuwa walikataa shule, walikataa kila kitu cha kalamu na karatasi. Kazi ya akili wakaiita ya kike, kazi ya mwili wakaiona ya mwanamume. Walipotoka shuleni waliingia viwandani kwa hiari, wakijiona washindi, na kuchukua kazi zilezile ambazo mfumo ulikuwa unatafuta mtu wa kuzichukua. Hakuna aliyewalazimisha. Ukinzani wao ndio uliowapeleka. Miaka michache baadaye viwanda vyenyewe vilianza kufungwa, na Januari 1982 idadi ya wasio na kazi Uingereza ilipita milioni tatu. Waliowafuata shuleni waliurithi ujeuri, ila kiwanda hawakukirithi.

Wikendi ya baridi huko Clacton

Mpaka hapa nimewazungumzia vijana kana kwamba wanajitengeneza wenyewe. Kuna upande wa pili, na mtu aliyeufanya ueleweke ni Stanley Cohen, mzaliwa wa Johannesburg, Afrika Kusini, ambaye hana undugu wowote na akina Cohen wawili niliowataja.

Pasaka ya 1964, vijana wengi wa London walikwenda kwenye mji mdogo wa ufukweni uitwao Clacton. Jumapili hiyo ilikuwa ya Pasaka yenye baridi kali kuliko zote katika miaka 80. Wenye maduka walikuwa na hasira ya kukosa wateja, vijana walikuwa na uchovu wa kukosa la kufanya, na uvumi ukaenea kwamba baadhi ya migahawa inakataa kuwahudumia. Makundi yakarushiana mawe. Kijana mmoja alifyatua hewani bastola ya kuanzishia mbio, vibanda kadhaa vya ufukweni vikavunjwa na vioo vikapasuka. Watu 97 walikamatwa. Kesho yake magazeti ya taifa yaliandika kama kwamba mji umetekwa na jeshi. Cohen alizipitia taarifa hizo moja baada ya nyingine. Gazeti liliposema madirisha ya kumbi zote za dansi za ufukweni yamevunjwa, lilisema kweli kwa namna yake: ukumbi ulikuwa mmoja tu, na baadhi ya madirisha yake yalivunjwa. Mashua moja iliyopinduliwa iligeuka “mashua” kwa wingi. (Kwa Kiswahili umoja na wingi wa neno hilo ni sawa, kwa hiyo mwandishi wetu angekwepa lawama.)

Kilichofuata ndicho kilichompa Cohen umaarufu. Magazeti yaligawa vijana katika kambi mbili zenye uadui, Mods wa skuta na Rockers wa pikipiki, wakati mgawanyiko huo kabla ya hapo haukuwa mgumu kiasi hicho. Vijana walipoona picha zao wakajifunza kutoka magazetini wao ni nani na adui yao ni nani. Sikukuu zilizofuata waliongezeka, wakiwemo watazamaji waliokwenda kuona vurugu. Polisi waliongezeka pia, mahakimu wakatoa adhabu za kukomesha, na kila hatua ikathibitisha hofu ya hatua iliyotangulia. Hali hii Cohen aliieleza mwaka 1972 kama taharuki ya kimaadili: kundi fulani linafanywa shetani wa jamii, tishio lake linakuzwa, na suluhisho linalotolewa linalikuza zaidi.

Taharuki ya kimaadili haina maana kwamba hakuna kilichotokea. Kosa hili hufanywa na pande zote mbili. Vioo vilipasuka kweli Clacton. Swali ni uwiano kati ya kilichotokea na kilichosemwa, na ni nani aliyefaidika na pengo hilo. Stuart Hall na wenzake waliliendeleza swali hilo mwaka 1978 walipochunguza hofu ya uporaji mitaani iliyozuka Uingereza mwaka 1972 na 1973. Neno jipya lililoagizwa kutoka Marekani, “mugging,” lilifanya uhalifu wa siku zote uonekane mgeni, na sura iliyobandikwa juu yake ilikuwa ya kijana mweusi, wakati ambapo uchumi ulikuwa unayumba na serikali inahitaji ridhaa ya kutawala kwa mkono mgumu.

Marekani ilikuwa imeyaona hayo mapema. Wakati wa vita, sufu ilipowekewa mipaka, vijana wa asili ya Meksiko huko Los Angeles waliendelea kuvaa suti pana zenye kitambaa kingi. Juni 1943 wanajeshi wa majini waliingia mitaani wakawapiga na kuwavua suti hizo, na waliokamatwa kwa wingi ni waliopigwa. Mtu akikuambia mavazi ni mavazi tu, mkumbushe wiki hiyo.

Duka halichelewi

Hoja ya Hebdige ambayo imekomaa vizuri zaidi ni ile ya jinsi ukinzani unavyomezwa. Njia ni mbili, na huenda pamoja. Kwanza, soko: kilichokatwakatwa kwa mkasi chumbani kinatengenezwa kiwandani na kuuzwa. Pili, maana: yule aliyeitwa mnyama mwezi uliopita anapigwa picha gazetini akiwa na mama yake, na wasomaji wanaambiwa kumbe ni mtoto mwema. Panki ilichomoza mwaka 1976, ikawa tishio la taifa mwaka uliofuata wakati Malkia Elizabeth akisherehekea miaka 25 ya kutawala, na haikuchukua muda mtindo wake kuonekana kwenye majarida ya wanawake wa tabaka la kati. Vivienne Westwood, aliyewashonea wale wa mwanzo, alipewa na Malkia huyohuyo heshima ya taifa mwaka 1992 na kubwa zaidi mwaka 2006.

Msipende kuamini, hata hivyo, kwamba kulikuwa na wakati safi kabla ya biashara. Mtindo wa panki ulitokea dukani tangu siku ya kwanza: Westwood na Malcolm McLaren walikuwa na duka King's Road. Hapa ndipo wapinzani wa Birmingham walipoanzia, na malalamiko yao yalikuwa mengi na ya haki.

Wasichana walikuwa wapi? Angela McRobbie na Jenny Garber waliuliza swali hilo ndani ya mkusanyo uleule wa Birmingham. Watafiti walikwenda mtaani kwa kuwa mtaani ndiko kulikokuwa na kelele, na mtaani msichana alikuwa na pesa kidogo, wazazi wakali na hatari nyingi. Utamaduni wake ulikuwa chumbani: sahani za muziki, picha za wanamuziki ukutani, rafiki mmoja au wawili. Hakuna aliyeuona kama ukinzani kwa sababu haukuvunja kioo. Halafu, vijana wa kawaida wako wapi? Gary Clarke alikumbusha mwaka 1981 kwamba wengi hawakuwa Mods wala Skinheads kamili. Walinunua rekodi moja, wakabana suruali kidogo, na Jumatatu wakaenda kazini. Na nani aliwauliza wavaaji wenyewe? Stanley Cohen alimhoji Hebdige kuhusu alama ya Kinazi waliyoivaa baadhi ya vijana wa panki: ukisema waliivaa kwa kejeli, umejuaje?

Miaka ya 1990 ilileta pigo kubwa zaidi. Muziki wa dansi wa usiku ulikusanya watu wa kila aina, hadi bunge la Uingereza mwaka 1994 likatunga sheria iliyotaja mfululizo wa midundo inayojirudia, jambo ambalo sijui kama wabunge walilisoma bila kucheka. Sarah Thornton alichunguza kumbi hizo na mwaka 1995 akasema habari za ukinzani zimetiwa chumvi. Alichokiona ni watu wakilinda hadhi. Kwa kuazima kwa mwanasosholojia wa Kifaransa Pierre Bourdieu, aliita ujuzi wa nini cha kuvaa, nini cha kusikiliza na lini uache, mtaji wa utamaduni mdogo. Wenye mtaji huo waliwacheka wasio nao, na mtu waliyemcheka sana alikuwa msichana wa tabaka la wafanyakazi anayecheza akizunguka mkoba wake aliouweka sakafuni. Kundi lililojisifu kwamba halina tabaka lilikuwa linamtambua mtu wa tabaka la chini kwa mkoba wake.

Wengine walitaka neno lenyewe litupwe. Andy Bennett, aliyefanya utafiti Newcastle, aliandika mwaka 1999 kwamba vijana huingia na kutoka katika makundi kama wapitaji, hivyo afadhali kusema makabila mapya, wazo la Mfaransa Michel Maffesoli. David Muggleton aliwahoji wavaaji wa mitindo akakuta wengi hawapendi hata kuitwa kwa jina la kundi. Kila mmoja alisema yeye ni yeye. Ila si kila anayevaa tofauti anaruhusiwa kupita tu: mwaka 2013 polisi wa Greater Manchester walianza kuyaandikisha mashambulizi dhidi ya Goth (wapenzi wa mavazi meusi na muziki wa huzuni) na wenzao kama uhalifu wa chuki, kwa sababu kuna watu waliokuwa wakipigwa barabarani kwa mavazi yao.

Na tabaka? Hilo ndilo lililotupwa haraka kuliko yote, na kwa maoni yangu ndilo lililostahili kubaki. Robert MacDonald na Tracy Shildrick walifanya utafiti Teesside, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, ambako chuma na kemikali viliwahi kuajiri mji mzima na kisha kuacha. Mwaka 2006 waliandika kuwatetea Birmingham: nadharia za makabila mapya zimejengwa kwa kuwatazama wenye nauli ya kwenda mjini na pesa ya kiingilio. Vijana wa mitaa maskini waliokutana nao walikuwa na barabara yao tu, marafiki walewale tangu utoto, na polisi waliowauliza kila jioni kwa nini wamesimama hapo.